Jobs na Ive, Braun na Rams, Watson na Noyes: Ushirika Upi Ukufae Wewe na Mbunifu Wako?

Mwenye karakana akishapata mbunifu wanayeelewana, swali linalofuata huwa moja: nimwajiri, nimpe sehemu ya biashara, au nimlipe kwa kazi moja moja? Nimeulizwa hivyo na watengeneza samani, na watengeneza majiko, na dada mmoja anayeshona mikoba ya ngozi. Karibu kila mara mazungumzo huanza na jina lilelile, Steve Jobs wa kampuni ya kompyuta ya Apple, kwa kuwa kila mtu amesikia habari zake na mbunifu wake, Jony Ive. Njia ya hao wawili ni nzuri, lakini ni moja tu kati ya kadhaa, na kwa macho yangu ndiyo ngumu kuliko zote kuiiga.

Hapa naziweka njia tatu ubavu kwa ubavu: ya Apple, ya Braun, kampuni ya redio na vifaa vya nyumbani ya Ujerumani, na ya IBM, kampuni ya kompyuta na mashine za ofisi ya Marekani. Olivetti, watengeneza taipureta wa Italia, nitaigusa njiani, maana ndiyo iliyowaonyesha IBM mlango. Lakini kwanza nieleze jambo hili linanigusaje.

Mshikio wa jiko

Miaka kadhaa iliyopita nilibuni jiko la mkaa kwa mwenye kiwanda kidogo. Kazi ilinichukua miezi mitatu, na muda mwingi niliutumia kwenye mshikio. Nilikuwa nimemtazama mama yangu mdogo miaka nenda rudi akitoa jiko lenye moto uani na kulipeleka barazani, amelikamata kwa kipande cha kanga kuukuu, uso ameugeuza pembeni. Mshikio wangu ulikuwa wa mti, umekaa mbali na bati kwa upana wa vidole vitatu, umefungwa kwa boliti mbili ili ukiungua ubadilishwe bila kumsumbua fundi.

Mwenye kiwanda aliupenda sana. Akasafiri. Nilipopita karakanani wiki mbili baadaye, nikakuta majiko arobaini yamepangwa ukutani, yote yana mshikio wa nondo iliyokunjwa na kuchomelewa moja kwa moja kwenye bati. Nondo hushika moto kama bati lenyewe. Fundi akaniambia kwa upole, "Kaka, bosi alipiga simu. Kasema mti unakula pesa." Hapakuwa na ugomvi, na wote wawili ni watu wema. Lakini mama mdogo na wenzake walirudi kwenye tambara.

Tangu hapo, nikisikia habari za kiongozi mwenye maono na mbunifu wake, nauliza kwanza: siku mshikio unapotaka kukatwa, nani amesimama pale mezani?

Apple: meza moja, kila siku

Habari ya Apple nayo ina mshikio ndani yake, kwa hiyo nianzie huko.

Jony Ive alizaliwa London mwaka 1967. Baba yake alikuwa mfua fedha na mwalimu wa ufundi, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye vitu vinavyotengenezwa kwa mkono. Alisomea ubunifu wa bidhaa Newcastle, akafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya London iitwayo Tangerine, kisha mwaka 1992 akaingia Apple. Miaka mitano ya mwanzo haikumpa raha. Kampuni ilikuwa inazama. Mwaka wa fedha wa 1997 peke yake ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Ive alishaanza kufikiria kuondoka.

Jobs, aliyekuwa ameondoka kwenye kampuni hiyo aliyoshiriki kuianzisha, aliporudi mwaka huo alikuwa na mpango mwingine kabisa: kutafuta mbunifu mwenye jina kubwa kutoka nje. Mmoja wa aliowafikiria ni Richard Sapper, Mjerumani aliyebuni kompyuta ya ThinkPad ya IBM. Halafu akaingia chumba cha wabunifu, akaona mifano iliyojaa humo, akazungumza na Ive. Utafutaji ukaishia hapo.

Usipite haraka hapa, ndugu msomaji. Mbunifu aliyetafutwa alikuwa yumo ndani ya nyumba kwa miaka mitano. Mara ngapi tunahangaika na watu wa mbali, na huku kijana anayechora vizuri kuliko wote ndiye anayepiga msasa nyuma ya karakana?

Kompyuta ya kwanza ya iMac ilitangazwa Mei 1998 kwa bei ya dola 1,299. Ilikuwa duara, ya plastiki ya buluu inayopitisha mwanga, mashine za ndani zinaonekana kwa mbali kama samaki ndani ya maji. Na juu, mgongoni, ilikuwa na mshikio. Ilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi. Hakuna ambaye angetembea nayo mjini. Hoja ya Ive ilikuwa nyingine: watu wengi wakati ule waliiogopa kompyuta, na kitu chenye mshikio humwambia mtu, niguse, sidhuru. Mhasibu yeyote angeufuta, maana uliongeza gharama na kazi yake haipimiki kwenye karatasi. Jobs aliuelewa papo hapo.

Kasha lenyewe liligharimu zaidi ya dola 60, mara tatu ya kasha la kompyuta ya kawaida. Wahandisi walileta sababu 38 za kwa nini haiwezekani. Jobs akajibu kwamba itafanyika, kwa kuwa yeye ndiye mkuu na anaona inawezekana. Hadi mwaka unakwisha, iMac 800,000 zilikuwa zimeuzwa.

Hivyo ndivyo njia ya Apple ilivyofanya kazi: umbali kati ya mwenye kauli ya mwisho na meza ya mbunifu ulikuwa sifuri. Walikula chakula cha mchana pamoja karibu kila siku walipokuwa ofisini, na mara nyingi mchana huo uliishia kwenye chumba cha wabunifu, ghorofa ya chini, nyuma ya vioo vya giza. Juu ya meza ndefu palikuwa na mifano ya bidhaa zijazo, mingine ya povu gumu lililochongwa tu. Jobs alipita akiishika, akiigeuza, akiipima mkononi. Uamuzi haukusubiri kikao cha mwezi.

Hasara zake nazo zitajwe, na tuzitaje sawasawa. Kwanza, kiongozi anaweza kuangusha kazi ya miezi kwa asubuhi moja. Kabla ya iPhone ya kwanza kuonyeshwa Januari 2007, Jobs alikuja akasema umbo walilokwisha kulifanyia kazi halimwingii moyoni: fremu ya alumini ilikuwa inashindana na kioo, wakati kioo ndicho kila kitu. Ive mwenyewe alikiri kwamba alikuwa sahihi, akaona haya kwamba hakuliona kabla yake. Timu nzima ikaanza upya. Kampuni kubwa inaweza kubeba gharama hiyo. Wewe mwenye mashine mbili za kukunja bati, je?

Pili, watu wawili wanaopendana sana kikazi hukosea pamoja, na hakuna wa tatu wa kuwazuia. iMac ileile ilikuja na mausi ya mviringo mfano wa kisosi. Kiganja hakikujua upande wa mbele ni upi. Ilidumu hadi 2000. Mwaka huo ikatoka kompyuta ya Power Mac G4 Cube, mchemraba mzuri ulioelea ndani ya plastiki angavu, dola 1,799. Watu waliusifu, hawakuununua, na Julai 2001 uzalishaji ukasimamishwa.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo nitalirudia mbele: njia hii imefungwa kwenye pumzi ya mtu mmoja.

Braun: paa la nyumba

Max Braun alianzisha kiwanda chake Frankfurt mwaka 1921. Alifariki 1951, kikawaangukia wanawe wawili: Artur, mtu wa ufundi, na Erwin, aliyeshika upande wa biashara. Redio za Ujerumani enzi hizo zilikuwa makabati ya mbao iliyong'arishwa, na urembo wa rangi ya dhahabu usoni, kana kwamba zinaona aibu kuwa mashine. Erwin aliamini kwamba vijana waliokuwa wanajenga maisha upya baada ya vita wangependa kitu cheupe, chepesi, kilichonyooka.

Hakuwa mbunifu, wala hakujifanya mbunifu. Aliwatafuta wanaojua. Alimleta Fritz Eichler, mtu wa jukwaa la maigizo na filamu, na akaiendea shule mpya ya ubunifu ya mji wa Ulm, akawapata Hans Gugelot na Otl Aicher. Agosti 1955, kwenye maonesho ya redio mjini Düsseldorf, sura mpya ya Braun ikatoka hadharani.

Mwaka huohuo aliajiriwa kijana wa miaka 23, Dieter Rams, mjukuu wa seremala wa Wiesbaden. Alikuja kupanga vyumba, maana taaluma yake ilikuwa usanifu wa majengo. Hakuna aliyemwita abuni redio. Lakini mwaka 1956 yeye na Gugelot walikuwa wanahangaika na SK 4, redio na gramafoni kwenye sanduku moja. Mfuniko wa bati ulitetemeka na kuharibu sauti. Rams akapendekeza mfuniko wa plastiki angavu. Sauti ikatulia, na mara hiyo mashine yote ikaonekana: mkono wa sindano, vitufe, sahani inayozunguka. Watu waliibatiza "jeneza la Snow White", kwa yule binti wa mfalme wa hadithi ya Kijerumani aliyelazwa kwenye sanduku la kioo. Tangu siku hiyo gramafoni za dunia nzima zikaanza kuvaa mfuniko kama huo.

Sasa linganisha Erwin na Jobs. Jobs alikuwa mezani, mkono wake juu ya povu. Erwin alikuwa paa. Alihakikisha mvua ya wauzaji, wahasibu na washindani haiwanyeshei waliokuwa chini, akawaacha wafanye. Mwaka 1961 Rams akawa mkuu wa ubunifu. Na Rams alipotaka kubuni samani kwa kampuni nyingine ndogo, ile inayoitwa leo Vitsœ, Erwin alimruhusu, kwa kuwa aliona redio zake zinahitaji sebule itakayozipokea. Rafu ya ukutani aliyoibuni 1960, namba 606, inauzwa hadi leo, na kipande kipya hukaa kwenye reli ya zamani. Ni mabosi wangapi unaowajua ambao wangekubali mtumishi wao afanye kazi ya nje, tena wakaona ni faida yao?

Ushahidi mkubwa wa njia hii ulikuja Erwin alipotoka. Mwaka 1967 Braun ilinunuliwa na Gillette ya Marekani. Paa la kwanza liliondoka, ila kuta zilishakauka: kulikuwa na idara, na mazoea, na lugha moja ya umbo ambayo hata fundi mpya aliisoma kwa macho. Rams alibaki mkuu wa ubunifu hadi 1995. Miaka 34. Kikokotoo cha ET 66 alichobuni na Dietrich Lubs kilitoka 1987, miaka ishirini baada ya kampuni kuuzwa, na vitufe vyake vya duara ndivyo Apple walivyoviiga kwenye kikokotoo cha iPhone ya mwanzo. Ive hajawahi kuficha deni lake kwa Rams.

Kasoro ya njia hii ni mwendo. Lugha moja ya umbo huzaa vitu vinavyodumu. Mashine ya jikoni ya KM 3, iliyobuniwa na Gerd Alfred Müller mwaka 1957, iliendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka 30 ikiwa na mabadiliko madogo tu. Ukiwa kwenye biashara ambayo wateja wanataka sura mpya kila Idi na kila Krismasi, nidhamu hiyo inaweza kukubana kifua.

IBM: mgeni mwenye ufunguo

Thomas Watson Mdogo, mkuu wa IBM, alijifunza kwa kulinganisha, jambo linalonifurahisha. Meneja wa IBM huko Uholanzi alimtumia bahasha mbili: moja ina picha na vipeperushi vya Olivetti, nyingine vya IBM. Watson akazipanga pande mbili. Za Olivetti zilishikana zote, rangi na rangi, umbo na umbo, kama vipande vya picha moja. Za IBM zilionekana kama zimeokotwa kwenye kampuni kumi. Alishawahi pia kusimama mbele ya duka la Olivetti kwenye Fifth Avenue, New York, akajiuliza kwa nini kampuni yake haina sura.

Olivetti wenyewe ni habari ndefu. Adriano Olivetti wa Ivrea alimpa Marcello Nizzoli nafasi ya kubuni taipureta, ikatoka Lettera 22 ya 1950, nyepesi ya kubebwa na mwandishi safarini. Halafu akaja Ettore Sottsass, aliyebuni kompyuta ya Elea 9003 ya 1959. Makabati yake aliyafanya mafupi kuliko kimo cha mtu ili wafanyakazi waonane usoni, wasifichwe na mashine. Sottsass alikataa kuajiriwa. Alibaki na ofisi yake Milano, akaja kama mshauri.

Eliot Noyes, mtu aliyemchagua Watson mwaka 1956, alifanya vivyo hivyo. Walifahamiana wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Noyes akishughulikia ndege za jeshi zisizo na injini. Alipotakiwa kuisimamia sura yote ya IBM, alikubali kazi akakataa ajira. Ofisi yake ilibaki New Canaan, Connecticut. Sababu yake ni ya kuandikwa ukutani: mwajiriwa atawekwa chini ya meneja, meneja chini ya meneja mwingine, na sauti itafika juu imechoka. Mshauri aliyeitwa na mkuu huzungumza na mkuu.

Noyes hakubuni kila kitu. Alimleta Paul Rand kwa nembo, Charles na Ray Eames kwa maonesho na filamu, na wasanifu kama Eero Saarinen kwa majengo. Kazi yake mwenyewe ninayoipenda ni taipureta ya Selectric ya 1961. Wahandisi wa IBM walikuwa wameondoa zile fimbo za herufi, wakaweka kijipira chenye herufi zote kinachozunguka na kutembea, karatasi ikatulia mahali pake. Noyes akaivalisha ganda moja laini lisilo na kona kali, kama jiwe lililolainishwa na mto. Msomaji aliyefanya kazi ofisini kabla ya kompyuta huenda anakikumbuka kijipira kile. Ziliuzwa zaidi ya milioni 13.

Kumbuka tu kwamba mgeni wako ni mgeni wa wengine pia. Miaka ya 1960 Noyes alibuni pampu za duara na vituo vya mafuta vya Mobil, na nembo ya jina hilo yenye herufi O nyekundu ilitokana na kazi hiyohiyo, mikononi mwa wabunifu wa nembo Chermayeff na Geismar. Waliosafiri barabara za Kenya zamani waliiona nembo hiyo bila kujua inatoka kwenye meza ya jirani na Selectric.

Zikae ubavu kwa ubavu

Tuanze na muda, kwa sababu muda ndio unaokata mashauri. Jobs alitoa saa za kila siku. Erwin Braun alitoa miaka: aliweka watu, akawalinda, akasubiri. Watson alitoa mamlaka. Hivyo vitatu havina bei moja. Mwenye biashara anayeshinda barabarani kutafuta malighafi na masoko hana saa za Jobs za kutoa, hata akitaka. Anachoweza kutoa ni mamlaka, na wengi wetu hicho ndicho tunachokibania.

Kuhusu nani anasema hapana: Apple, hapana ilitoka kwa kiongozi na ilikuwa ya mwisho. Braun, ilitoka kwenye kanuni za idara. Rams aliweza kumkatalia mtu wa mauzo kwa kumwonyesha redio ya mwaka juzi. IBM, mbunifu alikuwa mgeni mwenye ufunguo wa mlango wa juu. Mimi kwenye lile jiko nilikuwa mgeni asiye na ufunguo wowote. Nilikuwa na urafiki. Urafiki haukupokea simu ile.

Jina nalo huvunja ushirika taratibu, kama maji kwenye msingi. Jobs ana jina lake kwenye hataza (hati za kulinda uvumbuzi) zaidi ya 300, nyingi pamoja na Ive, na Ive alipata kusema kwamba iliumiza kukaa kwenye viti vya watazamaji na kusikia mawazo ya timu yake yakielezwa jukwaani kana kwamba ni ya Jobs peke yake. Huyo ni mtu aliyempenda Jobs kwa dhati, na aliyesema maneno mazuri kuliko yote kwenye kumbukumbu yake Oktoba 2011. Kwa Braun hali iligeuka: leo kila kitu cheupe chenye kitufe kimoja hupewa Rams, hata kibaniko cha mkate cha HT 1 cha 1961 kilichobuniwa na Reinhold Weiss, na hata ile KM 3 ya Müller. Kwa hiyo mzungumze habari ya jina mapema. Ukiwa Kenya, umbo la bidhaa linaweza kusajiliwa kwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili haki za uvumbuzi, na fomu ina nafasi ya kumtaja aliyelibuni. Jazeni pamoja, mkiwa bado mnacheka.

Halafu swali la mwisho, ambalo wanaoanza biashara hawalipendi: ukiondoka wewe, kinabaki nini? Jobs alifariki tarehe 5 Oktoba 2011. Ive alibaki na cheo kilichozidi kukua, lakini yule wa kuja kila siku kushika mfano na kuurudisha hakuwepo tena. Kipindi hicho kilileta saa ya dhahabu iliyoanzia dola 10,000 mwaka 2015 na kuondolewa 2016, na kompyuta nyembamba ambazo vitufe vya kibodi yake vilikwama hadi Apple ikaanzisha mpango wa kuvitengeneza bure mwaka 2018. Mwaka 2019 Ive akatangaza kuondoka. Sisemi kipaji chake kilipungua. Nasema kilikuwa kimezoea ukuta wa kurushia mpira, na ukuta ukaondoka. Ukiweka habari hiyo karibu na Rams, aliyeendelea miaka 28 chini ya wamiliki wapya, tofauti inaonekana bila kuelezwa. Noyes alifariki 1977. Nembo yenye mistari aliyoichora Rand mwaka 1972 ndiyo IBM inayoitumia hata sasa.

Ningekuwa wewe

Kama wewe mwenyewe unaingia karakanani kila asubuhi, unatengeneza bidhaa moja au mbili, na macho yako ndiyo yanayojua kipi kimekaa vibaya, njia ya Apple ni yako. Lakini mpe mbunifu sehemu ya biashara, kwa sababu utakula maisha yake. Mshahara hautafidia asubuhi ile utakayomwambia aanze upya. Na mtafuteni mtu wa tatu anayeruhusiwa kuwaambia kwamba mausi haina mbele.

Kama una kiwanda cha samani, vyombo au vifaa vya nyumbani, na unataka mjukuu wako akikute kimesimama, chagua Braun. Ajiri kijana, hata aliyesomea kitu jirani, kama Rams aliyekuja kupanga vyumba. Mpe miaka mitatu kabla ya kumpima kwa mauzo. Kama kuna wakati wa kuhimili hasara, ni huo. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, nasema wazi, na ndiyo inayohitaji kiongozi mnyenyekevu kuliko zote.

Wengi wanaoniuliza, hata hivyo, hawana mshahara wa kumlipa mbunifu mwezi kwa mwezi, wala hawashindi karakanani. Kwao jibu langu ni IBM, na sioni kwamba ni daraja la chini. Mlipe kwa kazi, mwache awe na wateja wengine wasioshindana nawe, ila mpe ufunguo: barua moja fupi inayosema hakuna fundi, meneja wala ndugu wa mwenye mali atakayebadilisha kitu kilichokubaliwa bila mbunifu kuarifiwa. Barua hiyo isomwe mbele ya mafundi wote, wakiwa wamekaa, mashine zimezimwa.

Kazi yangu iliyofuata baada ya lile jiko niliifanya hivyo. Tulitengeneza sampuli moja kamili, mwenye mali akaitia sahihi kwa kalamu ya rangi chini ya kitako, nami nikatia yangu, na fundi mkuu akatia yake. Ikatundikwa kwenye msumari juu ya meza yake. Miezi michache baadaye simu ikapigwa kutoka safarini, mbao zimepanda bei, kwa nini tusitumie kitu kingine. Fundi alisimama, akaiteremsha sampuli, akaigeuza, akasoma majina matatu kwa sauti kwenye simu. Kisha akauliza, "Bosi, nimpigie mbunifu kwanza?"